Kilegee Kiasi Gani

Hillevi alikuwa amekibana kipande cha mti wa mbetula kwenye jiliwa, anakikomba ndani kwa kisu chenye ncha iliyopinda, na maranda mabichi yakimdondokea viatuni. Mti ulikuwa umekatwa wiki ile ile. Gome lake jeupe bado lilikuwa limeshika, na kila kisu kilipopita, mbao ilitoa kijasho.

"Punguza upande wa dirishani," Alvar alisema, na hakuna aliyemuuliza. "Huko umeacha unene wa mlango wa kanisa."

"Nimeuona."

"Wewe umeuona. Kisu chako ndicho bado."

Majken, aliyekuwa anachonga mwiko kwenye kona ya meza, alicheka hadi akaweka kazi chini.

Kila Jumatano mchana wapenda mbao walikutana pale chini ya shule ya zamani, chumba chenye meza nzito na harufu ya mafuta ya kitani. Hakukuwa na mwalimu. Aliyejua alimwambia asiyejua, na asiyejua naye hakukosa la kusema. Alvar alikuwa mtu wa posta zamani, na siku hizi alikuwa na randa nyingi kuliko mbao za kuzipigia. Majken alikuwa jirani wa Hillevi, nyumba zao zimetenganishwa na ua wa waya tu.

Kopo la mbao alilokuwa akitengeneza Hillevi halina gundi wala msumari. Unalikomba gogo bichi mpaka liwe kama bomba, unachimba mfuo mwembamba ndani, karibu na chini, kisha unapachika kitako cha mbao iliyokwisha kukauka. Kitako kinaingia kikicheza. Halafu unangoja. Mbao mbichi ikikauka hujikunyata, na ikijikunyata hukikamata kitako pande zote, hata unga haupiti. La kwanza lilimpasukia, maana kitako alikifanya kikubwa na mbao ikakosa pa kwenda. La pili akaogopa, akakifanya kidogo, na mpaka leo ukilitikisa linalia kama kayamba. Hili la sasa alitaka liwe lenyewe.

Alifuta kisu kwenye aproni, akauliza swali alilokuja nalo.

"Hivi, kifuniko kinatakiwa kilegee kiasi gani?"

Alvar alimtazama juu ya miwani. "Kilegee? Mwenzangu, watu huuliza kibane kiasi gani. Kifuniko kizuri ukikivuta kinapumua, pfff, kama chupa. Kikilegea ni kazi ya mtoto."

"Najua. Lakini nikitaka kilegee?"

"Basi usiweke kabisa, upunguze kazi."

"Kopo lenyewe la nini?" Majken aliuliza.

"La chumvi."

"Chumvi," Majken alirudia, akaokota mwiko wake.

Halikuwa la chumvi. Lilikuwa la kahawa, na la Ture, mumewe. Miaka yote ya ndoa yao Ture ndiye aliyeamka kwanza. Alikuwa dereva wa basi la kwenda Bollnäs, na hata alipostaafu aliendelea kuamka kama vile abiria wanamngoja. Aliteleka kahawa, akaleta kikombe cha mkewe kitandani, akasema hali ya hewa. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, na dawa zikaupunguza mtetemeko bila kuuondoa. Mwanzoni mwa baridi akatangaza kwamba kahawa ya asubuhi imemchosha, inamwunguza tumbo. Hillevi alimwamini. Mpaka asubuhi moja alipomwona kupitia mlango wa jikoni, amelikumbatia kopo la bati kifuani, vidole vinakwaruza kifuniko, kifuniko hakijali. Ture alilirudisha kopo kwenye rafu taratibu, akachukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Wiki ile ile kwa Majken alikunywa vikombe viwili, na andazi la mdalasini juu yake.

Hillevi alikuwa tayari kumfungulia kopo kila siku ya maisha yake. Lakini alijua kwamba akilifungua yeye, kahawa ile itakuwa ya kwake, si ya Ture.

"Jaribu na glavu ya sufu," Majken alisema baadaye, wanakusanya vifaa. Alisema polepole, macho kwenye begi lake. "Vaa glavu nene, utumie mkono wa kushoto. Utajua chumvi inapata tabu gani."

Nyumbani Hillevi alilifunga bomba lake kwenye mfuko wa plastiki na kulitia kwenye friza, kama wafanyavyo wachongaji wote, ili lisikauke kabla kazi haijaisha. Kisha akalitoa lile kopo la kayamba, akalichongea kifuniko cha majaribio, akavaa glavu. Kilibana. Akakwangua kidogo, akajaribu. Kilibana. Akakwangua tena, na safari hii kikatoka vizuri kabisa. Alifurahi. Akatia mchele mkavu ndani, akalibeba kopo huku akiutikisa mkono kwa makusudi, na kifuniko kikaruka, mchele ukatapakaa sakafuni.

Akasimama akiutazama. Kikilegea vya kutosha kufunguka, kimelegea vya kutosha kumwaga. Katikati ya hayo mawili hakuona nafasi hata ya unywele. Kwa nini? Alikaa akikizungusha kifuniko vidoleni, na kwa kweli swali lenyewe lilianza kumpendeza.

Kesho yake mchana alimsikia Ture jikoni kwenye friza, anatafuta nyama ya mawindo ya kuyeyusha kwa chakula cha jioni.

"Mama! Huyu mnyama gani ana gome?"

Hillevi alitoka chumbani na kumkuta ameushika mfuko kwa mikono miwili, vipande vya barafu vikitikisika ndani yake.

"Ni kopo. Halijaisha."

"Kopo la nini?"

"Chumvi."

"Tunafungua duka?"

Akaenda kuuweka mfuko mezani, na mezani kulikuwa na kopo la kayamba, kifuniko chake, glavu moja ya kushoto, na punje za mchele ambazo ufagio haukuzipata. Ture aliviangalia kimoja kimoja. Akalichukua kopo. Mkono ukatetemeka, kopo likalia, kifuniko kikaanguka na kubingirika mpaka chini ya jiko.

"Ni la kahawa," Hillevi alisema.

"Nilikwambia siitaki."

"Kwa Majken ulikunywa vikombe viwili."

"Ya Majken nyepesi."

"Ya Majken unaweza kusimamishia kijiko, Ture."

Ture alichukua koti lake kwenye msumari. Hillevi alimwacha. Alimsikia akihangaika na zipu, na alijizuia asiende kumsaidia. Mlango haukufunguka. Baada ya muda Ture alirudi, koti liko wazi, akakaa kwenye kiti, akalitazama kopo kwa ndani.

"Hiki kitako kimeshikwa na nini? Sioni gundi."

"Hakuna gundi. Mbao ilikauka ikakikamata. Hilo halikukamata vizuri."

"Ilikauka ikakikamata," Ture alisema. "Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Na ikikosea?"

"Inapasuka. Nina moja kule banda la kuni."

Aliuliza inajikunyata kwa kiasi gani, na kwa nini upande mmoja zaidi ya mwingine, na kama mti mwingine ungefanya vile vile. Hillevi alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua akasema hajui. Aliinama, akakitoa kifuniko chini ya jiko, akamweleza shida ilipo: kikibana hakivutiki, kikilegea kinamwaga.

"Na Alvar anasemaje?"

"Anasema kipumue, pfff."

"Alvar apumue yeye." Ture alikirudisha kifuniko mdomoni mwa kopo. Hakujaribu kukivuta. Aliweka ngumi yake juu, upande mmoja, akaegemea, na mtetemeko ukapungua kidogo chini ya uzito. "Wote mnanipangia nivute. Kuvuta ndiko nisikoweza. Kubonyeza naweza. Nimebonyeza vitufe vya milango ya basi maisha yangu yote, tena kwa ngumi, nikiwa na glavu."

"Ukibonyeza kitazama, hakitafunguka."

"Kitazama upande gani?"

Hillevi alivuta kiti, akakaa. Kifuniko kilikuwa kimelala ndani ya mdomo wa kopo, juu ya kidaraja, ukingo mwembamba uliochongwa ndani kuzunguka pote. Akachukua kisu, akakipunguza kile kidaraja upande mmoja tu, kiasi cha upana wa ngumi, akarudisha kifuniko.

"Bonyeza hapo."

Ture alibonyeza. Upande wa ngumi ukazama, na upande wa pili ukainuka kama pembea ya watoto, halafu ukakwama katikati.

"Ahaa!" Ture alisema.

"Kimekwama."

"Kimekwama kikiwa wazi. Jana kilikwama kikiwa kimefungwa. Tumeendelea."

Walipoligeuza kopo juu chini, kifuniko hakikuanguka. Walitazamana. Hillevi hakuwa na hakika kama ni kwa sababu ya kubana au ya kukwama, na alisema hivyo.

Jioni bomba lilikuwa limeyeyuka. Alilishikilia mezani, Ture akaweka ngumi mdomoni mwake pale ilipomjia kirahisi, na Hillevi akazungushia penseli. Alama ilitoka pana kuliko alivyodhani, na imekaa kulia zaidi. Kama angekadiria peke yake angekata mahali pengine kabisa. Akachimba kidaraja, taratibu, mbao ikiwa bado laini, akaacha unene kidogo pale kwenye alama, maana kilichokatwa hakirudi. Kisha akapachika kitako. Kiliingia kwenye mfuo kwa mlio mdogo.

Ture alikisukuma kwa kidole. "Kinazunguka."

"Leo kizunguke."

"Kitashika lini?"

"Siku kadhaa. Kopo likikauka haraka litapasuka, kwa hiyo linalala ndani ya mfuko wa karatasi na maranda yake."

"Na kifuniko?"

"Nikikikata leo kitakuwa si saizi ya kesho. Mdomo nao unajikunyata."

Ture alifikiri juu ya hilo, kichwa upande. "Lakini duara la kukadiria unaweza kuchora."

Hillevi alilichora, kwenye kipande cha ubao mkavu, kubwa kuliko lilivyohitajika. Ture aliuliza kama wakate nje kabisa ya mstari au juu yake, wakabishana kidogo, wakakubaliana wamuulize Alvar bila kumwambia ni la nini. Msumeno ukabaki kwenye msumari wake.