Noela Bujiku Yupo

Mfuko wa chumvi ulipasuka Generoza akiwa ameinama kusonga ugali. Alisikia joto likishuka ubavuni, likaingia kwenye kanga, likafika pajani. Aliacha mwiko sufuriani, akabana ubavu wa kulia kwa kiwiko, akatoka nje ya banda kama mtu aliyekumbuka kitu. Wachimbaji watatu waliokuwa wakisubiri chakula waliziba pua. Kisha mmoja akasema, kwa sauti ya kutaka asikike, "Twendeni tukale kwa Mama Adam."

Basi. Hao ndio walikuwa wateja wake wa mwisho.

Mwakitolyo nzima ilijua. Mwaka uliopita taifodi ilimtoboa utumbo; pale machimboni maji ya kunywa na ya kuoshea mchanga wa dhahabu ni yaleyale. Hospitalini walimpasua, wakautoa utumbo nje kwa tundu pembeni mwa kitovu, wakamwambia arudi baada ya miezi mitatu wamfunge. Alirudi. Daktari wa kufunga alikuwa amehamishwa. Alirudi tena. "Mama, hatujaletewa mwingine. Au unataka nikushone mimi?" karani wa mapokezi alimuuliza, na foleni nzima ikacheka. Mfuko aliovalishwa siku ya kuruhusiwa ulidumu siku sita. Tangu hapo alikuwa akiosha mifuko ya chumvi, anaikata, anaibandika kwa plasta na kuikaza kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Uchafu wenyewe ulikuwa majimaji, unaunguza ngozi kama maji ya betri.

Wachimbaji walimkataza kukatiza karibu na mashimo yao. Dhahabu, walisema, inamkimbia mtu mwenye tumbo wazi. Hilo alilivumilia. Lililomshinda lilikuwa la Juliana, binti yake wa miaka saba. Wifi yake alikuja na furushi tupu, akaondoka nalo limejaa nguo za mtoto.

"Anachekwa shuleni, Mama Juliana. Wanasema ananuka na yeye. Ukipata dawa ya hiyo harufu, njoo umchukue. Mimi simnyang'anyi mtu mtoto."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomkata maini Generoza.

Alikwenda mji wa Kagongwa kutafuta plasta pana. Muuzaji wa duka la dawa alimuuliza ya nini, mbele za watu, naye akabaki anatazama meza. Mzee mmoja mwembamba aliyekuwa nyuma yake akasogea.

"Upande gani?" alinong'ona.

"Nini, baba?"

"Mimi wa kushoto. Wewe?"

"Wa kulia," alijibu kabla hajafikiri. Machozi yakamtoka palepale, kweupe, mbele ya muuzaji. Tangu apasuliwe hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo, kama anavyoulizwa mgeni ameshukia wapi.

Mzee aliitwa Otmar. Shimo lilimwangukia miaka minne nyuma, gogo la kuzuia kifusi likamwingia tumboni. "Njoo Alhamisi," alisema. "Nyuma ya mashine ya mpunga, penye pumba. Tupo."

Alhamisi alikwenda. Aliwakuta wamekaa kwenye mkeka, nyuma ya kilima cha pumba, mashine ikinguruma hadi meno yanatetemeka. Palichaguliwa kwa akili. Ukiwa na tundu, tumbo linajisemea lenyewe, huwezi kulibana. Pale mashine ililifunika. Na pumba za moto zilimeza harufu. Mwanamke mnene aitwaye Scolastika alimvuta mkono akamkalisha.

"Karibu mjini, mwenzetu," alisema. "Hapa kila mtu anajamba, hakuna anayeomba radhi."

Walicheka. Generoza naye alicheka, akashangaa sauti yake. Walimfundisha kupaka unga wa muhogo kwenye ngozi kabla ya plasta, na kula viazi ili uchafu ukaze kidogo. Alitamani mashine isizimwe.

Kisha Otmar akafungua daftari, akaita majina. Kila mmoja aliitika. Alipofika "Noela Bujiku," wote wakaitika pamoja, "Yupo!"

Generoza alitazama huku na huku. Palikuwa na kigoda kitupu kimefunikwa kanga ya kijani.

"Yuko wapi?"

Scolastika alichezea ncha ya mkeka.

"Tulimzika mwezi wa kumi na moja," Otmar alisema. "Kidonda kilioza kuzunguka tundu, homa ikamchukua. Sikiliza, mwanangu. Kuna mifuko halisi, ya msaada, imo kwenye stoo mjini. Haitolewi kwa mtu mmojammoja, inatolewa kwa kikundi. Na kikundi ni watu kumi. Tumezungushwa miezi kumi na minne: mtendaji, kata, picha, mihuri. Siku muhuri wa mwisho unagongwa, Noela ana wiki mbili kaburini. Tukimtaja kafa, tunabaki tisa. Tisa si kikundi."

"Mimi nitakuwa wa kumi."

"Jina lako halimo kwenye karatasi. Tukikuongeza, tunaanza upya. Nani hapa ana miezi kumi na minne?" Akafunga daftari. "Jina lake limo. Mwenyewe hayupo. Wewe upo, jina halimo. Wakimwita, uitike."

Generoza alikitazama tena kile kigoda. Kwao, kwa Wasukuma, jina la marehemu haliokotwi njiani. Hata mtoto akirithi jina la bibi yake, bibi huambiwa kwanza, akamwagiwa maji ya unga mlangoni, akaombwa. Asipoombwa atakuja kuuliza mwenyewe.

"Mnajua mnaniomba nini?"

"Tunajua," Scolastika alisema.

Akamfikiria Juliana. Akakubali.

Asubuhi ya pili alikoroga unga kwenye kibuyu, akamwaga kizingitini. "Noela, mimi si wa ukoo wenu. Naazima tu. Usinikasirikie." Kuku walikuja kudonoa. Tangu siku hiyo, mtu akimwita Generoza, alichelewa kuitika. Na kila alipokaza mpira kiunoni, aliona kama kuna mikono mingine inakaza pamoja naye, inayojua zaidi pa kufunga fundo. Aliogopa, lakini fundo halikulegea tena.

Siku ya kugawa walipangwa kwenye viti vya plastiki uani, mbele ya stoo. Palikuwa na turubai, kipaza sauti, mpiga picha, na maboksi mawili mezani. Afisa aliyesimamia zoezi alikuwa kijana nadhifu aitwaye Davis. Alianza na uhakiki.

"Lazima nijiridhishe. Siku hizi watu wanajifanya wagonjwa. Ukiitwa, njoo mbele, pandisha nguo, nione."

"Hapa? Mbele ya watu?" Otmar aliuliza.

"Mzee, unataka mifuko au unataka heshima?"

Otmar akapandisha shati. Wakafuata wengine, mmoja mmoja. Scolastika alifumba macho yake mwenyewe, kana kwamba hivyo hatoonekana.

"Noela Bujiku!"

Kipaza sauti kiliurusha ule wito hadi barabarani. Generoza alisimama. "Nipo." Akaenda mbele, akafungua kanga. Davis alitazama mfuko wa chumvi, akakunja pua, kisha akatazama picha kwenye faili. Akaitazama tena.

"Huyu si wewe."

"Ni mimi."

"Huyu ana mwanya. Cheka nione. Cheka!" Akawageukia wengine. "Mmeniletea mtu wa bandia? Mnajua hii ni jinai? Nafunga faili, nawapigia polisi, na hayo maboksi yanarudi stoo."

Nyuma ya viti mwanamke mzee alisimama. Alikuja peku, ndala zake ameshika mkononi, na mkono wa pili simu ndogo iliyofungwa kwa raba.

"Wewe nani?" Davis aliuliza.

"Mimi mama yake Noela. Simu yake ililia juzi, nikasomewa ujumbe. Inasema Noela Bujiku afike hapa, bila kukosa." Akainyanyua simu. "Nikaja kuona ni nani anamwita."

Mama yule alimsogelea Generoza. Hakumtazama usoni. Alitazama mfuko wa chumvi, unga wa muhogo, mpira wa baiskeli. Akanyoosha kidole akaligusa fundo.

"Mama, sema kweli," Davis alisema. "Huyu ni binti yako?"

"Ng'wanone," alisema mama kwa Kisukuma. Kisha, kwa Kiswahili, ili yaandikwe: "Ni mwanangu. Mwanya ulizibwa na ugonjwa."

Davis alicheka kidogo, akapiga tiki. Kila mwanachama alipewa mifuko mitano. Iliyobaki ingesubiri awamu ijayo, itakapotangazwa. Mitano ni siku thelathini, ukiitunza. Generoza aliipokea kwa mikono miwili. Siku thelathini za kukaa na Juliana, alihesabu, halafu?

Mama alikuwa ameshika ubavu wa boksi, penye karatasi ya stoo. "Nisomee, mayu," alimwita kwa heshima ya Kisukuma. " Hapa wameandika nini?"

"Imepokelewa." Generoza alifuata mstari kwa kidole. "Mwezi wa tatu. Mwaka jana."

"Mwezi wa tatu," mama alirudia. "Noela alikuwa anapalilia mpunga mwezi ule. Alikuwa anaimba."

Davis alimletea kidau cha wino na fomu. "Dole gumba hapa, mama, kama shahidi. Kwamba mwanao kapokea, na yuko hai."

Mama akachovya dole, akaligandamiza kwenye karatasi, akaliacha pale muda mrefu hadi Davis akaivuta fomu. Halafu akamshika Generoza kifundo cha mkono, akamkaza.

"Haya," alimnong'oneza. "Sasa niambie. Nikirudi nyumbani, lile kaburi niseme ni la nani?"

Generoza alilitazama dole la mama, bado lina wino.

"Mama na binti, geukeni huku," mpiga picha alisema. "Noela, inua mifuko juu kidogo, isikufiche uso."

Akaiinua.