Kijiko cha Mkono wa Kushoto

Watu wa kijiji cha Mapera walimsifu Flavia mpaka ikachosha. Mumewe, mzee Aloyce, alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, na tangu hapo Flavia akawa anamlisha kwa mkono wake. Wala hakumlisha ndani. Alimlisha barazani, wageni wakiwapo, kitambaa begani, akimpangusa kidevu na kumwambia, "Fumbua, baba. Zaidi. Haya, meza." Wageni walitikisa vichwa kwa huruma na kusema wake wa namna hii wamekwisha.

Msiharakishe kumwonea Aloyce huruma. Enzi zake, alipokuwa dereva wa basi la Songea, bwana huyu alikuwa akionja mboga mbele ya wageni, anairudisha jikoni, halafu anamwita mkewe aje aeleze ni nani aliyemfundisha kupika. Flavia alikuja, akapiga magoti, akaeleza. Ilikuwa mara nyingi, na wageni walicheka.

Sasa Aloyce alitaka kitu kimoja tu duniani: kula mwenyewe mbele za watu. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, ila vidole viwili havikukunjika tangu vilipobanwa na mkanda wa injini pale Kitai, na kijiko cha dukani kilimponyoka kila alipokishika. Kumega ugali kwa mkono huo hakukuwezekana, kwa sababu hakuna mtu mwenye adabu zake anayefanya hivyo mbele ya wakwe. Alihitaji kijiko chenye mpini mnene, na kijiko hicho hakikuuzwa popote.

Ndipo aliposikia habari za darasa la kuchonga, mjini Mbinga, kila Jumamosi, kwenye ukumbi ulio nyuma ya soko. Walikuja watoto wa shule, walikuja vikongwe, alikuja hata Bwanali mwenye duka la vitenge, ambaye alichonga vitana tu na kuwagawia wateja wake kwa nguvu. Fundi aliitwa Vitalis, Mnyasa wa Mbamba Bay, kando ya ziwa, aliyeanza kwa kuchonga mitumbwi na makasia. Flavia alimleta mumewe kwa bajaji, akaketi pembeni na ukili wake, akisuka na kusikiliza.

Vitalis hakumpa mti siku ya kwanza. Alimpa donge la udongo, akamwambia, "Mzee, likamate kama unavyotaka kula." Aloyce akalikamata, vidole viwili vikiwa vimenyooka, alama zikabaki. Mpini ungechongwa kufuata alama zile. Halafu fundi akawaeleza wote wawili, mume na mke, kwamba kichwa cha kijiko kitapindishwa kuelekea mdomoni.

"Kwetu ziwani kasia linachongwa kwa mkono wa mwenyewe," alisema. "Mama, hiki hata wewe hutakiweza. Ukikishika kitamwaga."

"Nimesikia, fundi," Flavia alijibu.

Mti ulikuwa wa mbuni wa kahawa, uliong'olewa shambani kwao na kukaukia nyuma ya jiko. Mbuni ni mgumu. Fundi alikibana kipande kwenye jiliwa, Aloyce akasukuma kisu kwa mkono mmoja, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Kijiko cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilitoboka. Flavia alipaza sauti ili ukumbi mzima usikie: "Fundi, mwachie tu, kuni za nyumbani zinatosha." Watoto walicheka, na Bwanali naye, ingawa baadaye aliona haya.

Cha tatu kilikubali. Vitalis alimletea uji pale pale, na Aloyce akaunywa wote kwa kijiko chake, polepole, bila tone kuanguka. Darasa lilipiga makofi. Flavia hakupiga. Alichukia, nasema wazi, tena alichukia kwa hofu. Mume anayeweza kula mwenyewe anaweza pia kuonja mboga na kuirudisha.

Mjukuu wao Benadetha alipopata komunyo ya kwanza, mwana wao Edmund alifunga turubai uwanjani. Wakwe walitoka Kitura, fundi na Bwanali wakaalikwa. Aloyce alivaa koti, kijiko kikiwa kwenye mfuko wa kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kuitwa jina lake. Ukaletwa wali na mchuzi wa samaki mbasa. Mkono wa kushoto ukaanza kupanda kuelekea mfukoni.

Flavia aliwahi. Alikichomoa kijiko, akakiinua juu wakwe wote wakione.

"Jamani, huyu mzee amenichongea kijiko! Na hali yake hii! Amenichongea mimi, nimlishie!"

Vigelegele vikapigwa. Simu zikatolewa. Aloyce akanyoosha mkono. "Ni... ni..." alisema, ulimi ukagoma hapo.

"Nilishe," Flavia akammalizia, na watu wakacheka kwa mapenzi.

Vitalis akasimama. "Shikamoo tena, mama. Mpe ashike mwenyewe. Hicho ni cha mkono wake, nilikuambia."

"Marahaba, fundi." Hakumtazama hata. "Wewe umemfundisha kuchonga. Kuishi naye nimejifunza mwenyewe miaka yote hii. Keti ule, mwanangu, chakula kinapoa."

Edmund akamshika fundi bega, akamkalisha.

Flavia akachota. Kijiko, kwenye mkono wake wa kulia, kilijipinda upande usiofaa, mchuzi ukamwagikia shavuni, ukateremka shingoni, ukaingia ndani ya shati jeupe. Akachota tena. Ukamwagika tena. "Kimepinda," alisema kwa upole, akiwageukia wakwe. "Mnaona? Lakini ndiyo kazi ya mikono yake, nitafanyaje? Nitamlishia hiki hiki mpaka Mungu atuite."

"Mama ana moyo," alisema mkwe mmoja, simu ikiwa bado juu.

Aloyce akafunga mdomo. Macho yalijaa machozi ya hasira. Flavia akainama mpaka karibu na sikio lake, kitambaa kikimpangusa kidevu, akamnong'oneza kitu ambacho hakuna aliyekisikia ila Aloyce. Kisha akamgonga meno kwa ncha ya kijiko, mara moja, si kwa nguvu.

"Fumbua, baba. Zaidi."

Aloyce akafumbua.