Pua ya Buji

Wiki hiyo Cishahayo alikuwa anajaribiwa. Mwenye gereji ya mtaa wa Area 36, ambaye wote walimwita Bambo, alimwambia wazi: gari jekundu likipanda kilima bila injini kugonga, Jumatatu anapata kazi, likitoboa pistoni, arudi zake kambi ya wakimbizi ya Dzaleka akakae. Lilikuwa gari la turbo, la mnunuzi mmoja wa tumbaku wa Mitundu, na fundi aliyetangulia alikwisha kutoboa pistoni moja.

Olga, binti wa dada yake, alikuja naye kutoka kambini kuosha vyuma. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila alichofungua alikipanga juu ya gunia kwa zamu yake, hata buji, zile plagi za cheche, ya kwanza mpaka ya nne, ili hata akiulizwa kesho aseme ipi ilitoka wapi.

"Dada, unaanika dagaa?" Bambo alimtania. Aliwahi kuendesha malori ya Dar es Salaam, akarudi na Kiswahili chake.

Cishahayo akashika buji moja. Kaure yake ilikuwa nyeupe kama majivu.

"Ona," akamwambia Olga. "Turbo inashindilia hewa, moto unazidi. Inaomba buji ya baridi, ile yenye kutoa moto mbio. Hii inautunza, petroli inawaka mbele ya saa yake. Njo ile inaleta kugonga. Hii ni namba sita. Enda dukani, ulete tano. Namba ikishuka, na moto unashuka. Ni vile tulikuwa tunafanya Bukavu miaka yote."

Olga akazileta. Mjomba akapunguza mwanya wa kila buji, akiupima kwa kipande cha msumeno wa chuma, maana upepo wa turbo huzima cheche ya mwanya mkubwa kama kibiriti mlangoni. Akazifunga, akatoka na Bambo. Hawakufika mbali. Gari lilirudi polepole, Bambo kanuna.

"Linagonga kuliko jana! Kama watu wanatwanga mahindi humo ndani."

"Ni petroli ya hapa," Cishahayo akasema. "Iko mubaya."

Olga akafungua zile mpya, akazipanga chini ya za zamani, kila moja na mwenzake. Zilikuwa nyeupe zaidi, na punje za alumini zimenata kama sukari: pistoni imeanza kuliwa. Kisha akaona jingine. Pua ya kaure ya namba tano ilikuwa ndefu kuliko ya sita. Pua ndefu, moto una safari ndefu kutoka. Namba ilisema baridi, pua ikasema moto.

Kumsahihisha mjomba mbele ya tajiri si adabu ya nyumbani kwao. Lakini kunyamaza kungemrudisha mjomba kambini. Akachukua moja ya kila aina, akazisimamisha kiganjani pua juu, akampelekea taratibu kama anayeleta maji ya kunawa.

"Mjomba, macho yangu inanidanganya? Unisaidie kuona."

Cishahayo akatazama, akageuza, akatazama tena.

"Kule tulikuwa na buji za Ulaya," akasema. "Hizi ni za Wajaponi. Banahesabu kinyume: namba ikipanda, baridi inapanda. Bambo, kosa ni yangu. Petroli haina neno."

"Kwa hiyo ulilipeleka gari motoni mwenyewe."

"Tena kwa kipimo."

Bambo akacheka bila kutaka. Olga akarudi dukani kutafuta namba saba. Muuzaji alipompa, hakusoma namba kwanza, alitazama pua. Ilikuwa fupi.

Saa tisa walipanda kilima cha barabara ya Dowa, wote watatu, turbo ikipiga mluzi. Kila mtu alisikiliza. Halikugonga. Juu kabisa Cishahayo akazima injini, akafungua kifuniko, akampa Olga ufunguo wa buji na kitambaa.

"Toa moja. Sema we kwanza."

Olga akaigeuza kwenye jua.

"Inaanza rangi ya biskuti, mjomba. Moto iko sawa."

"Jumatatu mje mapema," Bambo akasema. "Wote wawili."