Kofia Isiyoamkia

"Basi nirudishieni shikamoo yangu," Mardhiya alimwambia fundi wa mradi kwa mara ya tatu, huku akipepea jiko. "Mwanangu hajawahi kuniomba maji asubuhi bila kuniamkia. Hata wewe umeniamkia ulipoingia. Mbona hukuchelewa?"

Oscar, aliyekuja kutoka Dar es Salaam, alieleza tena kwamba maamkizi yameondolewa kwa makusudi. Kofia ile ya nyaya inasoma ubongo wa Sihaba na kuyatoa maneno yake kwa sauti, na mradi unapima kasi. Shikamoo inapunguza kasi. Malalamiko nayo vivyo hivyo.

Sihaba alikuwa amelala chumbani, mlango wazi. Tangu kiharusi cha mwaka jana hasogezi kitu ila macho.

"Maji," ilisema kofia.

Mardhiya alimnywesha, akarudi uani kwenye chungu cha maharage. Maamkizi yaliyokatwa yalikuwa yakitokea humo. Kila asubuhi chungu kikichemka kilisema "Shikamoo, mama" kwa sauti ya Sihaba, naye akaitika marahaba na kuendelea kukoroga. Bi Mize wa nyumba ya pili aliipata yake kwenye birika la chai, na alilalamika tu kwamba inamkuta hajapiga mswaki. Baadaye chungu kikaanza kutoa na mengine.

"Inanibana utosini," kilisema sasa. "Nikitaka kukataa, inasema sawa. Siku nzima inasema sawa."

Oscar alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha kwamba ni Sihaba. Alisema tu kuwa chungu si kifaa cha mradi, hivyo maneno yake hayaingii kwenye maoni ya watumiaji. Akaenda mlangoni, akamuuliza Sihaba kama ameridhika.

"Nimeridhika," ilisema kofia.

"Mama, nivue," kilisema chungu.

Mardhiya alijua kwamba bila kofia huenda hata chungu kikanyamaza. Alifuta mikono kwenye kanga, akaingia, akafungua mkanda wa kidevuni, akamkabidhi Oscar kofia ikiwa bado ina joto. Utosini palikuwa na kidonda. Oscar aliifuta kofia kwa spiriti, akaandika kwamba mtumiaji ameridhika, akaaga. Kaole kulikuwa na mwingine anayesubiri kuvalishwa.

Chungu kilikuwa kimya. Mardhiya alilibeba jiko mpaka kando ya kitanda, akafungua dirisha, akaongeza mkaa, akaketi na mwiko wake. Maharage yalipochemka, shikamoo ilitangulia.

"Marahaba," alisema. "Haya, sema."