Bata Haongei

Mwanafunzi wangu Brenna alikuwa amebakiza krediti tatu tu ahitimu Agosti, na kazi inamsubiri mjini Des Moines. Krediti zenyewe ni za mafunzo kwa vitendo: kiangazi kizima aandike matangazo ya timu ya besiboli ya mji wetu, mimi nimsimamie. Julai nikaenda uwanjani kumkagua.

Ofisini nilimkuta meneja, Darrell Pruitt, kaweka miguu juu ya meza.

"Brenna yuko wapi?"

"Si kakukumbatia pale getini, Profesa?"

Aliyenikumbatia getini alikuwa bata. Bata la kuvaliwa na mtu, la manyoya ya njano, refu kuliko mimi, lile linalochekesha watoto kabla ya mechi. Nikarudi mbio.

"Brenna, ni wewe?"

Bata akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini unavaa hili dude?"

Akainua mabawa, akayashusha. Darrell alikuwa amenifuata na soda yake.

"Bata haongei, Profesa. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza hapa. Watoto wakisikia sauti, raha yote kwisha."

"Mkataba uliosaini unasema ataandika matangazo."

"Na huyu si tangazo linalotembea?"

Nilichoka kabisa. Nikimpitisha, nimekidanganya chuo. Nisipompitisha, binti wa watu hahitimu na kazi inaota mbawa. Na huyu bwana anakunywa soda.

"Vua," nikamwambia Brenna. "Leo naondoka na mwanafunzi wangu."

Darrell akaacha kucheka. "Watoto wanaingia sasa hivi. Nani atavaa?"

"Kwani wewe una shughuli gani?"

Alitazama huku na huku. Hakukuwa na mwingine.

Brenna alitoka ndani ya bata ameloa jasho, nywele zimemganda usoni. Aliingia ofisini moja kwa moja, akakalia kiti cha Darrell, akafungua kompyuta, akaanza kuandika tangazo la mechi ya Jumamosi bila kusita.

"Ninalo kichwani tangu Juni," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Nililisoma, nikacheka peke yangu. Kisha nikarudi getini. Bata alikuwa amezungukwa na watoto, mmoja anamning'inia bawani.

"Darrell," nikasema kwa sauti, "kuanzia leo mpaka Agosti Brenna anaandika tu, na bata ni wewe. Una pingamizi?"

Watoto wote wakamtazama. Nikasubiri.

Bata akatikisa kichwa taratibu kwamba hana.