Siku Masjala Alipopanga Televisheni kwa Herufi

Shemeji yangu alistaafu ukuu wa masjala, lakini masjala yenyewe ilikataa kumwacha. Viatu vya nyumba nzima amevipanga kwa herufi: buti mlangoni, kandambili katikati, raba ukutani. Jikoni ni hivyohivyo, bizari, chumvi, pilipili, sukari, na ole wake atakayerudisha chumvi baada ya sukari. Nilipofiwa na mke wangu nikahamia chumba chao cha uani, alinionyesha mahali pangu mezani. Yeye, kwa kuwa ni Baba, anakaa mwanzo. Dada yangu anafuata. Mimi Kaka nakaa mwisho, karibu na mlango unaovujisha upepo. Nilimuuliza kama amegundua kwamba herufi zimempa kiti kizuri kuliko vyote. Alinijibu kwamba utaratibu hauchagui watu.

Tangu siku hiyo namwita Masjala. Hapendi, lakini anaitika.

Mimi niliendesha lifti. Jengo letu lilikuwa refu kiasi kwamba wa ghorofa ya juu walianika nguo upande wa pili wa mawingu, na mvua ikinyesha waliisikia chini ya miguu yao. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe baada ya kustaafu, kwa njia ya kuharibu za watu. Kwa hiyo sisemi kwamba mimi ni mtaalamu. Nasema tu kwamba ukilinganisha na shemeji yangu, hata rimoti ni mtaalamu.

Sasa, wana binti mmoja, kitinda mimba, ambaye baba yake alimpa jina la Kasuku. Hakumpa kwa mapenzi. Msichana alikataa kazi ya ofisini aliyotafutiwa, akaenda nchi ya mbali kusoma habari kwenye stesheni ndogo inayoitwa Ukindu, ambayo hapa kwetu huipati kwa antena wala kwa dishi, ila kwa intaneti. Baba mtu alisimama sebuleni siku ya kuagana, koti limefungwa vifungo vyote, akasema mbele yetu sote, "Mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa na wengine ni kasuku wa kuajiriwa. Siku mtakayoniona nimeketi kutazama Ukindu, niiteni mimi kasuku."

Dada yangu alivua herini zake, zile alizoolewa nazo, akamvisha binti yake palepale mlangoni.

Ikapita miezi ya kufagia studio, kubeba nyaya na kusoma bei za vitunguu saa ambazo hata wauza vitunguu wamelala. Kisha Kasuku akapiga simu kwamba amepewa taarifa ya habari ya alasiri, kwa mara ya kwanza. "Mama, nikimaliza nitagusa herini ya kushoto," akasema. "Ukiona hivyo ujue nakusalimia wewe. Usinikose, maana hawarudii."

Ili mama yake asimkose, alituma kwenye simu ya baba yake faili lenye orodha ya stesheni zinazorusha matangazo bure, ya kwake ikiwemo. Ni faili lenye mkia wa m3u. Unaliingiza kwenye kile kisanduku kilicho chini ya televisheni, na televisheni inakuwa na mamia ya chaneli. Siku hiyohiyo lilifanya kazi. Kasuku alimwelekeza mama yake kwa simu hatua kwa hatua, na dada yangu akashinda anatazama Ukindu, pamoja na matangazo ya dawa ya mende, kana kwamba hata mende wale ni wakwe zake.

Hapo Masjala alipaswa kwenda kulala. Badala yake alilifungua faili kwenye kompyuta akakuta halina utaratibu. Stesheni ya mapishi inafuatwa na ya mieleka, ya mieleka inafuatwa na ya ibada. Mtu wa masjala akiona kitu kama hicho hupata ugonjwa wa ngozi.

Asubuhi ya siku ya taarifa tukamkuta mezani amechana nywele, miwani imesuguliwa, uso unang'aa kama wa mtu aliyejifungua.

"Nimeipanga televisheni," akasema. "A mpaka Z. Mama watoto, hakuna tena kubonyezabonyeza kama mtu anayetafuta swichi gizani. Unataka Ukindu, unakwenda kwenye U. Basi."

Dada yangu akaenda kwenye U. Ukindu ilikuwepo, imeandikwa vizuri kabisa. Akabonyeza. Akatokea mwanamume mnene amelala juu ya godoro, akilisifu kwa lugha ambayo hatujawahi kuisikia.

"Labda ni tangazo," dada akasema.

Tulimtazama yule mtu akibadilisha mito mpaka chai ikapoa. Hakuamka. Tukajaribu chaneli iliyoandikwa Ibada, wakatokea wanaume wawili wenye chupi za kung'aa wakivunjana shingo. Tukajaribu iliyoandikwa Mieleka, tukakuta katuni ya sungura.

"Stesheni nyingine hubadilisha vipindi," Masjala akasema.

"Wamebadilisha wote leo, shemeji?" nikamuuliza. "Walikutana wapi?"

Nikaomba kuliona faili. Alinipisha kiti kwa adabu ya mtu anayempisha mgeni aone bustani yake.

Niwaeleze nilichokiona, maana watu wengi, na si Masjala peke yake, huamini kwamba faili la namna hii lina televisheni ndani, zimekunjwa kama mashati. Halina. Ni maandishi matupu. Mstari wa kwanza kabisa una alama ya reli na neno EXTM3U, ambalo kazi yake ni kukiambia kisanduku kwamba hii ni orodha ya stesheni na si barua ya mapenzi. Baada ya hapo mistari inakwenda miwilimiwili. Wa juu unataja jina la stesheni. Wa chini yake una anwani, yaani mahali kwenye intaneti ambako picha inachukuliwa. Kisanduku hakina akili ya kujua Ukindu ni nini. Kinasoma jina, kinashuka mstari mmoja, kinakwenda kilikoelekezwa. Jina na anwani ni kama mume na mke kwenye picha ya harusi: mke hujulikana ni wa nani kwa pale aliposimama.

"Ulipangaje?" nikamuuliza.

Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza mtu aliyezoea kueleza watumishi wapya. Alinakili majina kwenye safu moja ya jedwali, anwani akaziweka safu nyingine. Safu ya majina akaiamuru ijipange kwa herufi. Kisha akarudisha kila kitu kwenye faili, jina moja juu, anwani moja chini.

"Na safu ya anwani uliipanga vipi?"

"Ile sikuigusa. Ni takataka za mtandao, namba na vistari. Haina herufi za maana za kupangwa."

"Kwa hiyo umewasimamisha wake wote mstari, ukawapangia waume upya kwa alfabeti."

"Shemeji, usilete matusi kwenye kazi ya watu." Akainama akaelekeza kidole kwenye kioo. "Tena nimegundua jambo. Angalia, kila stesheni imewekewa hasi moja. Zote zimepata chini ya sifuri. Nilijua tu kwamba ni stesheni za ovyo."

Ile hasi moja, ndugu msomaji, maana yake ni kwamba matangazo hayana urefu unaojulikana, yanaendelea tu. Mtu huyu alikabidhiwa siri za idara nzima kwa zaidi ya miaka thelathini. Niliisikitikia idara.

"Basi turudishe lile la kwanza," dada akasema. "Si lipo kwenye simu yako?"

"Nililifuta. Kilichopangwa kikishakuwepo, kilichovurugika kinabaki kufanya nini?"

Dada yangu ni mtu mpole. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi. Akampigia Kasuku. Simu imezimwa, alishasema kwamba siku ya taarifa wananyang'anywa simu tangu asubuhi. Akaiweka simu chini. "Nilimwambia nitamwona," akasema.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kaka yake yupo. Nikajifungia na lile faili. Mpango wangu ulikuwa kuitambua anwani ya Ukindu kwa kuitazama, kama nilivyokuwa nawatambua watu kwenye lifti kwa mlio wa viatu. Lakini anwani zile nyingi zilikuwa namba tupu zenye nukta, na ninyi mnaojua namba mnajua hazina viatu. Nikaanza kufungua moja baada ya nyingine. Nyingine zinazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, kisha zinakufa. Nyingine zimekufa zamani. Mamia yale ya chaneli yalikuwa yananicheka. Chakula cha mchana kikapita, na mimi bado niko kwenye stesheni za watu wasiovaa mashati.

Alasiri ilipokaribia nilirudi sebuleni. Dada alikuwa amevaa gauni la kutokea, ameketi mbele ya yule mtu wa godoro. Masjala alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na ndoo ya kumwagilia maua mkononi, ambayo kwa maelezo yake alikuwa anaipeleka nje. Alikuwa akiipeleka nje tangu saa nzima iliyopita.

"Imekushinda," akaniambia.

"Haijanishinda. Kazi yako ni ya kiwango cha juu, inahitaji muda kuiharibu upya." Nikamgeukia dada. "Hii inanikumbusha mkurugenzi wa jengo letu. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya sita, akaona aibu kuwa mtu wa sita. Akaamuru kibandiko cha namba moja kitolewe mahali pake kiwekwe kwenye kitufe cha ghorofa yake, na vingine vyote vijipange kumfuata. Balaa. Mtu mmoja alikuja kulipia maji, akashukia kwa daktari wa meno, akang'olewa magego mawili kabla hajaeleza shida yake. Mwingine alifuata cheti cha kuzaliwa akatoka na mke. Mimi mwenyewe—"

"Kaka, ghorofa zilihama?"

"Zihame ziende wapi? Vibandiko ndivyo vilivyohama. Mimi mwenyewe siku moja nilipandisha jeneza—"

"Na hizi chaneli? Zimehama?"

Nikaanza kumweleza habari ya safu mbili na jedwali. Akanikatiza tena.

"Nimeuliza zimehama au hazikuhama."

"Hazikuhama. Anwani zote ziko palepale alipoziweka Kasuku. Zimebadilishwa majina tu."

Akachukua rimoti. "Wanaume mkistaafu mngepewa kisiwa chenu," akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Kasuku aliniambia, mama, usihangaike kusoma. Nenda chaneli ya kwanza kabisa, halafu bonyeza kurudi nyuma, utaangukia ya mwisho. Utaona samaki wanaogelea. Hao ni jirani zangu. Rudi tena moja, mimi nipo hapo. Alijiweka karibu na mwisho ili nisipotee. Jana nilikwenda hivyo kutwa nzima, mpaka huyu mume wangu aliponiambia nisome herufi."

Akaenda ya kwanza. Akarudi nyuma. Kioo kikaandika Zumari Muziki Mtupu, na chini ya maandishi hayo samaki wa rangi ya chungwa akapita akifungua na kufunga mdomo, akifanana sana na mtu ninayemfahamu. Akarudi nyuma tena. Kioo kikaandika Zizi la Leo: Ufugaji wa Kisasa.

Na hapo alikuwepo Kasuku.

Taarifa ilikuwa imeshaanza. Alikuwa anasoma habari za daraja lililofungwa kwa matengenezo, shingo imenyooka, nywele zimebanwa, na herini za mama yake zinametameta kila akigeuza karatasi. Dada yangu alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza ya televisheni. Sikumalizia habari ya jeneza.

Ndoo ya maji ikatua sakafuni polepole.

"Shemeji," nikanong'ona, "ukiendelea kutazama nitalazimika kukuita jina fulani."

Masjala hakuondoa macho. Akanyoosha kidole kwenye maandishi yaliyo pembeni ya kioo. "Imeandikwa Zizi la Leo," akasema. "Mimi natazama mifugo. Ukindu ni ile ya godoro."

Nimedharau watu wengi maishani, na kwa wengi nilikuwa na haki, lakini sijawahi kuona mtu akijificha nyuma ya kosa lake mwenyewe kwa unadhifu namna ile.

Kasuku akasoma hali ya hewa ya miji ambayo hatutafika. Akakusanya karatasi zake, akazigonga mezani zikalingana, kama baba yake anavyofanya, kisha akainua mkono akagusa herini ya kushoto. Dada yangu akagusa sikio lake, ambalo halikuwa na kitu, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya chini.

"Anasoma haraka mno," Masjala akasema. Sauti yake ilikuwa na mafua. Akainua ndoo akaenda kumwagilia maua yaliyokwisha kunyeshewa mvua.

Kesho yake Kasuku alilituma faili upya, safari hii kwangu. Nikaliweka kwenye flashi, nikaenda nalo sebuleni nikiwa nimejiandaa kutoa hotuba fupi. Dada yangu alisimama mbele ya kisanduku.

"Usiguse," akasema. "Ukigusa hiki utakula kwa jirani."

"Lakini majina yote ni uongo, dada. Ibada inapigana mieleka."

"Acha wapigane."

Nikairudisha flashi mfukoni. Alasiri ilipofika, Masjala aliingia, akavuta kiti chake cha mwanzo wa meza mpaka mbele ya televisheni, akavaa miwani, akasema kwa sauti ya kutosha nisikie hadi uani kwamba mtu mzima anapaswa kufuatilia mambo ya ufugaji. Hajakosa hata siku moja tangu hapo. Mimi huketi nyuma yao, kwenye upepo wangu, nikimtazama mkuu mstaafu wa masjala akijifunza kufuga.

Juzi taarifa ilipokwisha alivua miwani akaifuta.

"Amekonda," akasema.

"Nani?" dada akauliza, macho kwenye ushonaji wake.

"Ng'ombe."