Akiki za Mashimba

Asubuhi moja, kabla jua halijapanda juu ya majabali ya Mkolani, Kija aliokota jiwe la ukubwa wa yai, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akalilamba. Jiwe kavu halionyeshi kitu. Likilowa, rangi zake hutoka zote, na pale machimboni maji yalikuwa mbali. Kija alikuwa akilamba mawe tangu alipoacha shule darasa la nne ili amsaidie mama yake kuponda kokoto, na ulimi wake ulikwisha kuyazoea. Jiwe la kawaida lilikuwa na ladha ya vumbi. Lenye chuma lilikuwa na ladha ya msumari. Hili lilikuwa na ladha ya ugoro.

Alilitazama vizuri. Ndani yake, chini ya mistari myekundu na ya rangi ya maziwa iliyozungukana kama kitunguu kilichokatwa, kulikuwa na goti la baba yake. Kovu lilikuwa palepale, lile alilolipata kwa kuanguka na baiskeli akitoka mnadani.

Kija alilifunga jiwe kwenye pindo la kanga akaendelea kuponda, maana lori la mchana lilikuwa linakuja na debe lake lilikuwa halijajaa.

Baba yake, Mashimba, mtu wa kunusa ugoro, alikuwa mpasua majabali katika machimbo ya Luhende. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: jioni magogo na matairi chakavu yalipangwa chini ya jabali, moto ukawaka usiku kucha, na asubuhi jabali likawa limechoka. Kabla mtu hajaingia chini yake na nyundo, Obedi, mkubwa wa wapasuaji kwa umri, aligongagonga ubavu wa jabali kwa kinyundo na kutega sikio. Likilia kama kengele, bado ni zima, watu wanaweza kuingia. Likiitika kama mtungi wenye ufa, wote hukaa kando wakasubiri lianguke lenyewe.

Siku ya mwisho ya Mashimba lori liliwahi kufika. Luhende, mwenye machimbo, alimwambia Obedi aache kupiga ngoma, kwani bibi harusi bado hajaja. Watu wakacheka, Obedi naye akacheka kidogo. Mashimba akaingia, na jabali likakaa chini, juu yake.

Jioni Luhende alikwenda kwa Paskazia, mama yake Kija. Alisema Mashimba hakufika kazini siku hiyo. Kwa alivyosikia yeye, aliondoka alfajiri kwenda Geita kutafuta dhahabu, kama wanavyofanya wanaume wengi. Wapasuaji wenzake walisimama nyuma ya bosi wakitazama vidole vya miguu yao. Jabali lilikuwa kubwa mno kunyanyuliwa. Walilipasua kidogo kidogo kwa miezi, na walipofika chini hawakukuta kitu, hata kandambili.

“Mnaona,” alisema Luhende.

Tangu hapo Paskazia hakuwa mjane wala hakuwa mke. Mashemeji zake kule Magu walisema kaka yao amepata mwanamke Geita, na kwamba nyumba ingekuwa na mapishi ya maana asingeikimbia. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na kaburi. Sokoni wanawake walimwuliza, kwa sauti ya huruma, kama Mashimba amekwisha kupiga simu. Kija alikuwa pembeni akisikia. Hakuwa msemaji, maneno yake yalikuwa yakifika kwenye meno yanageuka kurudi. Lakini moyoni alitaka jambo moja tu, baba yake azikwe kama mtu aliyefia kazini.

Jioni ya siku aliyoliokota, alilipeleka jiwe kwa mzee Clavery.

Mzee Clavery alikuwa Mhaya, mstaafu wa maabara ya madini, na alikusanya mawe kama wengine wanavyofuga njiwa, kwa kupenda tu. Baraza lake lote lilijaa trei za mayai, na katika kila kitundu badala ya yai palikuwa na jiwe. Walijuana siku mzee alipokuja kuchokoachokoa lundo la kokoto la Kija. Kuanzia hapo, Jumapili nyingi baada ya misa walishuka pamoja Kigongo, wakatembea ufukweni wameinamisha vichwa kama watu waliopoteza funguo. Mzee ndiye aliyemfundisha majina. Yaspi haipitishi mwanga hata ukiishika mbele ya jua. Akiki huupitisha kwenye kingo, kama ukucha wa mtoto. Zote mbili kisu hakizikwaruzi, na jiwe linalokwaruzika kwa kisu likajiita akiki lirudishwe lilikotoka.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeokota nini leo?”

Alijaribu kwa kisu. Akalishika mbele ya jua lililokuwa linazama. Akavaa kioo chake cha kukuzia, akaliinamia.

“Akiki,” alisema. “Nzuri sana. Na hili ndani ni goti la Mashimba.”

“Ndiyo.”

Mzee alieleza kwamba akiki haianzi kama jiwe, huanza kama uwazi. Jiwe kubwa linabaki na tundu ndani yake, maji yanaingia taratibu, yanaacha utando juu ya utando mpaka tundu linajaa na kuchukua umbo la kile kilichokuwa pale. Kwa kawaida jambo hilo huchukua miaka isiyohesabika. Lakini Mashimba, kwa jinsi alivyomfahamu yeye, hakuwa mtu wa kuchelewesha kazi.

Akaleta trei tupu.

Kazi ya kukusanya iliwachukua kiangazi chote. Wanunuzi wa kokoto walitaka mawe ya kijivu, kwa hiyo kila mponda kokoto aliyepata chembe nyekundu au ya maziwa alikuwa na desturi ya kuitupa. Sasa waliiweka kando. Getruda, aliyekaa lundo la jirani, alikuwa akiita bila kuinua kichwa: “Kija, njoo umchukue baba yako, ananichafulia kokoto.” Lakini alipopata bega aliliweka juu ya jani la mgomba, akalifunika na jingine lisipigwe na jua.

Si kila jiwe lilikuwa Mashimba. Kija aliwahi kuleta kiwiko akiwa na furaha, mzee akakigeuza mara nyingi na kukirudisha. Ilikuwa yaspi tu, yenye mikunjo. “Tusimzike mtu na kiwiko cha bure,” alisema. Baadaye Kija alijua namna ya kutofautisha. Yaspi ikiachwa barazani hupoa jioni pamoja na saruji. Mashimba alibaki na joto mpaka asubuhi.

Paskazia alikuja kuona trei zilipojaa. Alizitazama zote, akaokota kisigino chenye nyufa, akasema alimwambia mara ngapi apake mafuta. Akakaa chini na kukipaka mafuta.

Kabla mvua za vuli hazijaanza vilikuwa vimebaki viungo viwili, mkono wa kulia na uso. Mkono ulipatikana katika lundo la Getruda. Ulikuwa umeshika mpini wa nyundo, na kwenye mpini ilionekana herufi L iliyochomwa kwa chuma cha moto, alama ya nyundo zote za Luhende. Kija aliutazama muda mrefu. Mtu anayekwenda Geita haendi na nyundo ya bosi mkononi.

Uso haukuwa machimboni. Getruda alikumbuka kwamba lile jabali lilipokuwa linamalizika, lilitoka bamba moja kubwa lenye rangi, na Luhende akaagiza lisipondwe. Lilikatwa kwa mashine, likasuguliwa, likapelekwa kwenye nyumba yake mpya ya wageni kandokando ya ziwa, barabara ya Kigongo. Mzee Clavery alitaka waende wote ili amsemee. Kija alitikisa kichwa. Aliufunga mkono kwenye kanga akaenda.

Bamba lilikuwa mapokezini, ukutani, nyuma ya meza. Mashimba alikuwa ndani yake kuanzia kidevu hadi kwenye nywele, amekunja uso kidogo kama mtu aliyeingiwa na vumbi machoni. Wageni wawili walikuwa wakipiga picha naye. Kija alisubiri wamalize. Kisha akamwamkia Luhende, akafungua kanga, akauweka mkono mezani, akamwonyesha ukuta kwa kidole.

Luhende aliinuka. Alitembea hadi kwenye bamba, akalitazama kwa karibu, akavua kofia.

“Mwangaluka, Mashimba,” alimsalimia kwa Kisukuma. Kisha akageuka. “Ni yeye. Siwezi kukataa.”

Kija alisikia maneno yake yakipanda. Yalifika kwenye meno. Safari hii hayakurudi.

“Baba alikuwa kazini,” alisema.

Luhende alikaa tena kitini. Hakuwa na hasira. Alisema kwamba Mashimba yumo kwenye jiwe, hilo kila mtu analiona, lakini jiwe halisemi aliingia saa ngapi. Mtu akiamua kuingia kwenye jabali kwa muda wake mwenyewe, baada ya kazi au siku ya mapumziko, mwenye machimbo atajuaje? Siku ile hakuwepo. Wapasuaji wote walisema hivyo, na yeye hawezi kuwageuza watu wazima wakawa waongo. Akauvuta mkono karibu, akaiona herufi.

“Kumbe nyundo yangu aliichukua yeye,” alisema. “Niliitafuta sana.”

Aliuweka mkono wa Mashimba juu ya karatasi zake mezani, zisipeperushwe na upepo wa ziwa. Kuhusu uso, alisema ukuta umekwisha kujengwa na kuubomoa ni hasara. Ila kwa sababu ni msiba, mama anaweza kuja Jumapili kuufuta vumbi. Apitie mlango wa nyuma.

Kija alirudi Mkolani na kanga tupu. Mzee Clavery alimpa kiti na chai, wakakaa wakizitazama trei mpaka giza likaingia.

Wakaamua wamzike kwa kile walichonacho. Masele, mdogo wake Mashimba, alikuja kutoka Magu na watu wa ukoo. Alikuja kwa shingo upande, akisema mawe ni mawe. Mzee Clavery akamkabidhi trei ya miguu. Masele akaona kidole cha pili kimekipita kidole gumba, kama vilivyo vidole vya ukoo wao wote, kama vilivyokuwa vyake mwenyewe ndani ya viatu. Akakaa kwenye ngazi ya baraza.

“Ni kaka,” alisema. Baadaye akamwendea Paskazia. “Shemeji, tulikusema vibaya.”

Paskazia alimwambia achukue jembe, wenzake wanachimba.

Walimtandika Mashimba juu ya blanketi, kila jiwe mahali pake, mzee Clavery akisahihisha mbavu. Obedi na wapasuaji walikuja wakasimama nyuma kabisa, kofia mikononi. Teodora, katekista, aliuliza kama mawe yanaruhusiwa kunyunyiziwa maji ya baraka. Kija alisema maji ndiyo yanayotakiwa.

Teodora alinyunyiza. Mawe yalilowa, rangi zikatoka zote kwa pamoja, na Mashimba akaonekana mzima kutoka mabegani hadi nyayo, mwekundu na mweupe, anang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Kifua chake kilikuwa kipana kuliko walivyokumbuka. Mkono wa kulia uliishia kwenye kiwiko, na juu ya shingo palikuwa na blanketi tu. Paskazia alilia kilio cha mjane, kwa sauti, na wanawake wa sokoni walimpokea kilio chake, kwa kuwa sasa alikuwa na haki nacho. Watu walisubiri. Mawe yalipoanza kukauka na kufifia, walimfunika.

Luhende alituma unga na mafuta ya kula. Aliyeleta alisema bosi anatoa pole kwa msiba wa jirani.

Wiki iliyofuata moto uliwashwa chini ya jabali jingine. Asubuhi Obedi aligonga ubavu wake na kutega sikio. Jabali likaitika kama mtungi wenye ufa. Barabarani dereva wa lori akapiga honi, Luhende akatazama saa yake, na Obedi akakirudisha kinyundo mfukoni.

Wapasuaji hawakuingia moja kwa moja. Walipita kwanza kwenye lundo la Kija, wakapanga mstari. Wa kwanza alikunja suruali akamwonyesha alama ya kuungua kwenye paja. Mwingine alivua fulana akageuka, aone doa la kuzaliwa lililokuwa chini ya bega. Chenge, kijana aliyeoa juzi, alifungua mdomo akamwonyesha pengo.

“Umeliona vizuri?” aliuliza. “Usije ukaniacha, ukasema ni yaspi.”

Kija alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye jua, akatazama bila haraka.

“Nimeliona,” alisema.

Chenge alishukuru, akachukua nyundo yenye herufi L, akawafuata wenzake chini ya jabali.